Safari ya Lund: Matayarisho ya Mgonjwa Aendaye Kujaribiwa

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni nyepesi: aliyelala kitandani hana haja ya kushauriwa juu ya jambo ambalo faida yake yajulikana na wote. Aletewe bakuli, anyweshwe, na akipona atashukuru. Lakini methali hii yasimama juu ya sharti moja lisilotajwa, nalo ni kwamba uji unajulikana. Je, itakuwaje iwapo kilichomo bakulini hakijapata kunywewa na watu ila wachache, na bakuli lenyewe liko ng'ambo ya bahari? Hapo mgonjwa hana budi kuulizwa, na kuulizwa tena, na majibu yake kuandikwa.

Insha hii yaeleza safari moja ya namna hiyo, ya wagonjwa wawili wa California katika Marekani waliokwenda katika mji wa Lund, Uswidi, kupandikizwa chembe hai katika ubongo. Nia yangu si kusimulia maajabu ya upasuaji. Nataka kutazama matayarisho yake, maana katika matibabu ya majaribio thamani ya safari huamuliwa zaidi na yaliyotendwa kabla ya kuondoka kuliko yaliyotendwa baada ya kufika.

Maradhi yenyewe yalielezwa vema mwaka 1817 na James Parkinson, tabibu wa London, katika kijitabu kilichotaja wagonjwa sita. Aliona mikono itetemekayo ingawa imepumzika, mwili ulioinama mbele, na hatua ndogo ndogo zikimbiliazo. Asili ya mambo hayo hakuijua, na miaka mia moja na arobaini ilipita kabla haijaanza kufahamika. Mwaka 1957 Arvid Carlsson, akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Lund, aliwapa sungura dawa iliyowanyima mwendo, kisha akaurudisha mwendo wao kwa dopa, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa dopamini. Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz na mwenzake, huko Vienna, walionyesha kwamba ubongo wa watu waliokufa na maradhi ya Parkinson ulipungukiwa sana na dopamini hiyo. Chembe ziitengenezazo hukaa katika sehemu ndogo yenye weusi, katika shina la ubongo. Zikifa kwa wingi, amri ya mtu haivifikii viungo vyake. Mwaka 1967 George Cotzias, huko New York, alitangaza kwamba dopa ikitolewa kwa vipimo vikubwa vinavyoongezwa polepole huwainua wagonjwa walioganda. Furaha ilikuwa kubwa, lakini baada ya miaka michache ya kuinywa, wagonjwa wengi hupatwa na taabu mpya: viungo hupinda na kucheza bila ya kutakiwa, na dawa huja na kuondoka kama maji kupwa na maji kujaa.

Mwezi wa Julai 1982 mtu mmoja mwenye umri wa miaka 42 alifikishwa katika hospitali ya Santa Clara Valley, mjini San Jose, California, akiwa kama sanamu. Hakusema wala hakusogea. Baadhi ya matabibu walidhani ni wazimu. Wengine waliona labda anajifanya. William Langston, aliyekuwa mkuu wa matabibu wa maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu hospitalini hapo, na wenzake walitambua kwamba vidole vyake vyaweza kusogea kidogo. Wakampa penseli na karatasi, naye, polepole mno, akaandika. Ndani ya mwili ule uliofungwa mlikuwa na akili nzima iliyokuwa ikisikia kila neno lililonenwa juu yake.

Punde wakapatikana wengine walio katika hali ile ile, vijana kwa wazee wa maradhi haya, na wote walikuwa wamejichoma sindano ya dawa iliyouzwa mitaani kuwa ni heroini. Haikuwa heroini. Ilikuwa imetengenezwa kwa siri na mtu ambaye, kwa haraka au kwa uzembe, alizalisha ndani yake kitu kiitwacho MPTP. Kitu hicho kikifika katika ubongo hugeuzwa kuwa sumu. Nayo sumu huingia katika chembe za dopamini kwa mlango ule ule utumiwao na dopamini yenyewe, na humo huuzima moto unaozipa chembe nguvu. Kisa cha namna hiyo kilikuwa kimekwisha kutokea mwaka 1976, katika jimbo la Maryland, kwa kijana mmoja mwanafunzi wa kemia, na habari zake zilichapishwa mwaka 1979, lakini hazikuvuma. Langston na wenzake walipochapisha habari za wagonjwa wanne mwaka 1983, ulimwengu wa elimu ukashtuka: maradhi ambayo asili yake ilitafutwa tangu mwaka 1817 yalikuwa yameigizwa na sindano chache.

Ajabu ya mambo haya si ya kemia peke yake. Watu hawa walikuwa watumiaji wa heroini, watu ambao jamii huwapita njiani bila ya kuwatazama. Sasa wakawa mashahidi wa thamani kubwa kuliko wagonjwa wengine wote wa aina yao. Mgonjwa wa kawaida wa Parkinson hawezi kusema maradhi yake yalianza siku gani, wala nini kiliyaleta, wala hajui kama kesho hali yake itakuwa mbaya zaidi kwa kasi gani. Hawa walijua wiki na sababu. Pigo lilikuwa limetua mara moja katika mahali pamoja. Kwa hiyo, ikiwa chembe mpya zingepandikizwa mahali pale pale na mgonjwa akasogea, ingekuwa rahisi zaidi kusema ni nini kilichomsogeza.

Walipewa levodopa, nayo iliwaamsha, lakini yale madhara ambayo kwa wengine huja baada ya miaka, kwao yalikuja mapema. Uchaguzi wao ukawa mwembamba: kuganda, au kusogea kwa kuteswa na dawa. Hapo ndipo jina la Lund lilipoingia katika habari zao.

Lund ulikuwa umejitayarisha kwa muda mrefu bila ya kujua unamtayarishia nani. Baada ya kazi ya Carlsson, Bengt Falck wa Lund pamoja na Nils-Åke Hillarp walionyesha mwaka 1962 njia ya kuzifanya chembe za dopamini zing'ae chini ya hadubini, hata zikaweza kuonekana moja moja. Mwaka 1979 Anders Björklund na Ulf Stenevi walithibitisha kwamba chembe changa zilizotolewa katika ubongo wa kijusi cha panya zaweza kuota katika ubongo wa panya mkubwa aliyeharibiwa upande mmoja, na kupunguza kasoro ya mwendo wake. Mwaka 1987 Olle Lindvall na wenzake wakathubutu kufanya hivyo kwa binadamu, kwa chembe za vijusi vya mimba zilizotolewa. Wagonjwa wawili wa kwanza hawakupata nafuu kubwa, na watu wa Lund walilitangaza jambo hilo wazi mwaka 1989. Walibadili vyombo na njia yao, wakaendelea. Na mwaka 1990 wakachapisha habari za mgonjwa ambaye chembe alizopandikizwa zilionekana kuishi na mwendo wake ukawa bora. Msomaji na aangalie utaratibu huu: walisema tumeshindwa kabla ya kusema tumeweza. Mtu anayefikiri kuwakabidhi wageni ubongo wake hana cheti cha kutafuta kilicho bora kuliko hicho.

Lakini kwa nini mgonjwa wa California, nchi yenye hospitali na fedha, avuke bahari? Jibu limo katika siasa. Mwezi wa Machi 1988 serikali ya Marekani ilisimamisha matumizi ya fedha zake katika utafiti wa kuwapandikizia wagonjwa chembe za vijusi vilivyotokana na mimba zilizotolewa kwa hiari. Jopo la washauri lilikutana mwaka huo huo, na wengi wao wakaona utafiti huo waweza kukubaliwa ukiwekewa masharti. Hata hivyo mwezi wa Novemba 1989 Waziri Louis Sullivan aliliendeleza zuio bila ya kuweka mwisho. Halikuondolewa hata tarehe 22 Januari 1993, baada ya Rais Clinton kuingia madarakani. Zuio hilo halikuwafunga waliokuwa na fedha za watu binafsi, na huko Denver Curt Freed na wenzake walifanya upasuaji wa namna hiyo mwaka 1988. Lakini njia ilikuwa nyembamba. Uswidi nao haukuwa bila ya sheria ya maadili. Chama cha matabibu cha nchi hiyo kilikuwa kimetoa mwongozo tangu mwaka 1986: kijusi kiwe kimekwisha kufa, mwanamke aridhie, uamuzi wake wa kutoa mimba usiambatane na haja ya mgonjwa, na kila jaribio lipitiwe na baraza la maadili. Watu wa dini na wa sheria wamegawanyika juu ya jambo hili mpaka leo. Yatosha hapa kusema kwamba nchi mbili zilitazama swali moja, moja ikafunga hazina yake na nyingine ikaandika masharti, na mgonjwa akalazimika kusafiri katikati ya majibu hayo mawili.

Sasa tuyatazame matayarisho. Kwa safari ya kawaida mtu hutayarisha nauli, nguo na hati ya kusafiria. Kwa safari hii kitu kikubwa cha kuchukuliwa kilikuwa kipimo. Ilikuwa lazima ijulikane kwa hakika mgonjwa aliweza nini na hakuweza nini kabla ya kisu kumgusa. Langston, Håkan Widner wa Lund na wenzao wa nchi nyingine walizikusanya kanuni za upimaji huo na kuzichapisha mwaka 1992 kwa jina la CAPIT, ili kila mahali pafanywapo upandikizaji watu wapime kwa kijiti kimoja. Mgonjwa hupimwa asubuhi baada ya saa kumi na mbili bila ya dawa. Hutakiwa kugeuza kiganja juu na chini mara 20 huku saa ikihesabu. Hupeleka mkono baina ya alama mbili zilizoachana sentimita 30, mara 20. Huinuka kitini, hutembea mita 7, hugeuka na kurudi. Nyumbani huandika daftari la siku yake, saa ngapi alikuwa mzima, saa ngapi aliganda, saa ngapi viungo vilicheza vyenyewe. Na hayo hayafanywi mara moja. Hurudiwa mara kwa mara, kwa sababu maradhi haya hubadilika kama upepo, na siku moja nzuri yaweza kumdanganya mpimaji na mpimwaji pia.

Mtu mwenye afya ataona hayo ni mchezo wa watoto. Ayafikiri kwa upande wa aliyeganda. Ili apimwe, ilimpasa aache usiku kucha ile dawa iliyokuwa ufunguo wake pekee, na aingie tena kwa hiari katika gereza analolikimbia, apate kuonyesha ukubwa wa gereza hilo. Picha za ubongo za wagonjwa hawa wawili, zichukuliwazo kwa mionzi na zionyeshazo mahali dopamini inapotengenezwa, zilipigwa kabla na baada ya upasuaji. Basi aliyetazama kwa juu angeona mgonjwa akicheleweshwa. Kwa kweli alikuwa akipewa kitu ambacho hakuna tabibu awezaye kumpa baadaye, yaani ushahidi wa hali yake ya jana.

Tayarisho la pili lilikuwa ridhaa, na hili ni gumu zaidi. Mambo yaliyostahili kuwekwa mbele ya msafiri wa namna hii yalikuwa mazito. Fuvu litatobolewa, na sindano itashuka ndani ya ubongo pande zote mbili. Damu ikivuja, aweza kufa au kupooza. Atapewa dawa za kupunguza kinga ya mwili, zisije chembe za kigeni zikakataliwa, na dawa hizo huufungulia mwili milango ya maradhi mengine. Waliotangulia hawakupata nafuu kubwa. Nafuu ikija, haitakuja kesho. Chembe changa huota polepole, na huchukua miezi mingi. Na mwisho, huenda faida yote ikawa ya elimu na ya wagonjwa wajao, siyo yake.

Je, mtu aliyekata tamaa aweza kuridhia kwa uhuru? Wako wasemao hawezi, kwa kuwa mfa maji haachi kutapatapa. Hoja hii ina uzito, lakini ikifuatwa hadi mwisho wake huwanyima sauti wale wenye shida kubwa kuliko wote, na kwa hawa wa San Jose ingekuwa kuwanyima sauti mara mbili: kwanza walidhaniwa wazimu kwa sababu hawakuweza kusema, kisha wangedhaniwa hawana shauri kwa sababu wana dhiki. Jibu lifaalo, naona, ni kwamba uhuru wa ridhaa haupimwi kwa ukubwa wa dhiki ya aombwaye, bali kwa ukweli wa aombaye. Dhiki haimwondolei mtu akili. Uongo ndio unaomwondolea uchaguzi.

Tofauti hiyo yaonekana wazi tukitazama yaliyotokea Meksiko wakati huo huo. Mwezi wa Aprili 1987 Ignacio Madrazo na wenzake wa mji wa Mexico walichapisha habari za wagonjwa wawili waliochukuliwa chembe za tezi iliyo juu ya figo zao wenyewe na kupandikizwa ubongoni, wakasema nafuu yao ilikuwa kubwa. Jambo hilo lilikuwa limejaribiwa huko Stockholm tangu mwaka 1982, na matokeo yake yalikuwa madogo. Lakini habari njema hukimbia kuliko habari ya wastani. Wapasuaji wa nchi nyingi waliiga upesi, na mamia ya wagonjwa wakapasuliwa vichwa na matumbo ndani ya miaka michache. Hesabu ilipokuja kufanywa, faida ilionekana ndogo na ya kupungua, na madhara mengi. Wala hapa sisemi kwamba mtu alidanganya. Nasema upasuaji ulitangulia mizani, na kipimo kikichelewa tumaini hushika nafasi yake.

Watu wa Lund na wa California walichapisha matokeo yao mwezi wa Novemba 1992, baada ya kuwafuata wagonjwa wawili kwa muda wa karibu miaka miwili. Wote wawili walikuwa wamepata nafuu kubwa iliyodumu, wakajitegemea zaidi katika kazi za kila siku, na picha zikaonyesha dopamini ikiongezeka pande zote mbili za ubongo. Hawakupona kabisa. Lakini kwa kuwa hali yao ya kwanza ilikuwa imeandikwa, neno nafuu lilikuwa na maana mbele ya mtu asiyewapenda wala kuwachukia.

Na mizani ile ile iliyowapa watu furaha ikaja kuwanyang'anya. Zuio lilipoondolewa, Marekani ilifanya jaribio kali zaidi, ambalo Freed, Stanley Fahn na wenzao walilichapisha mwaka 2001. Wagonjwa 40 waliridhia kugawanywa kwa kura. Ishirini walipandikizwa chembe. Ishirini walitobolewa fuvu tu, pasipo sindano kuingia katika ubongo, wala hakuna aliyejua yeye ni wa kundi gani. Baada ya mwaka mmoja, wagonjwa walipoulizwa wajipime wenyewe, makundi mawili hayakutofautiana. Walio na umri wa miaka 60 au chini walionekana kufaidika katika vipimo vya matabibu. Lakini asilimia 15 ya waliopandikizwa walipatwa baadaye na michezo ya viungo isiyozuilika, hata dawa zao zilipopunguzwa. Tena uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba waliodhani wamepandikizwa walikuwa na maisha bora kuliko waliodhani hawakupandikizwa, hata kama dhana yao ilikuwa ya makosa. Mwaka 2008 ikagunduliwa pia kwamba maradhi yenyewe yaweza kuzifikia chembe zilizopandikizwa zaidi ya miaka kumi nyuma. Basi tumaini lina nguvu ya kumsogeza mtu, na hilo ni jambo jema kwa mgonjwa na la hatari kwa ushahidi. Asiyelihesabu atalipa chembe sifa ya moyo.

Kuna safari nyingine inayopasa kuwekwa kando ya hii. Mtoto mmoja wa Israel, mwenye maradhi ya kurithi yanayoharibu ubongo mdogo na usawa wa mwili, alipelekwa Moscow mara tatu kuanzia mwaka 2001, akatiwa chembe za ubongo wa vijusi. Baadaye matabibu wa kwao walimkuta na uvimbe katika ubongo na uti wa mgongo, na walipouchunguza wakaona haukutokana na mwili wake, bali na chembe alizotiwa. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2009. Wazazi wake walivuka mipaka kwa upendo ule ule uwavushao wote. Kilichobaki kwa elimu ya watu ni onyo peke yake, nalo liliandikwa na matabibu wa nyumbani.

Mwaka 2025 majaribio mawili madogo yalichapishwa, moja la Kyoto, Japani, kwa wagonjwa saba, na moja la Amerika ya Kaskazini kwa wagonjwa kumi na wawili. Chembe zilizotumika zilikuzwa katika maabara, pasipo haja ya kijusi kwa kila mgonjwa. Shabaha ya kwanza ilikuwa kujua kama njia hiyo ni salama, na kwa muda uliotazamwa ilionekana hivyo. Faida yake ingali ikihitaji majaribio makubwa zaidi. Wakati huo huo, wauzaji wa chembe hutangaza tiba kwa kila maradhi ya neva, na hawapungukiwi na wanunuzi.

Katika Afrika ya Mashariki kwenda ng'ambo kutibiwa si jambo geni. Familia nyingi zimekwisha kuchanga nauli ya kumpeleka ndugu India. Mara nyingi msafiri huyo hufuata uji unaojulikana, nasi twafanya vema kumchangia bila ya maswali mengi. Lakini aambiwapo kwamba tiba ni mpya, maswali na yatangulie mchango. Ni nani waliotibiwa kabla yake, na habari za walioshindwa zimeandikwa wapi? Nani atampima kabla ya kuondoka, na nani atampima baada ya miaka miwili? Nani analipa, na je, anayelipwa atapata hasara yoyote mgonjwa asipopona? Palipo na majibu, msafiri huyo ni mshirika katika elimu, hata akirudi kama alivyokwenda. Pasipokuwa na majibu, yeye ni mteja tu, na afadhali fedha ile ibaki nyumbani imnunulie dawa azijuazo na mtu wa kumshika mkono anapotembea.